Daftari ya Kodi na Shamba la Pamba
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa kunena juu ya mali na utawala. Kwa kuwa sisi ni watu wa kalamu, nitaanza na daftari.

Katika mwaka 1898 serikali ya Wadachi ilianza kutoza kodi ya nyumba, nayo huko mashambani ilikuwa rupia 3. Mwenye mtama ghalani na mbuzi zizini hakuwa maskini mbele ya jirani zake. Walakini mbele ya karani alikuwa maskini, maana hakuwa na rupia.

Kisha mwaka 1902, zamani za Gavana von Götzen, majumbe wa pwani na kusini waliamriwa kulimisha mashamba ya pamba ya shirika. Fedha ya pamba iligawanywa: fungu la serikali ya wilaya, fungu la jumbe, na fungu la wafanya kazi. Fungu hilo la mwisho likigawanywa kwa watu wengi, kila mmoja alipata kidogo mno, hata wengine walikataa kulipokea. Na siku alizopalilia pamba ndizo siku ambazo shamba lake mwenyewe lilikosa mtu.

Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Hawakuanza kwa kuua mtu. Walianza na mche wenyewe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti. Lakini vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote hata mwaka 1907. Majeshi ya serikali yalichoma vijiji na ghala za chakula, njaa ikaingia. Wadachi wenyewe walikisia watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamekisia zaidi ya 250,000. Baada ya hayo, mashamba yale ya shirika yaliachwa.

Sasa, ndugu zangu, ni nani walioshika daftari? Wengi walikuwa maakida, watu wa pwani, wajuzi wa kusoma na kuandika, mfano wa sisi. Daftari ya kodi ilikuwa na mahali pa kuandika rupia, wala haikuwa na mahali pa kuandika siku za mkulima zilizopotea. Hesabu ilikuwa sawa, na habari yake ilikuwa ya uongo.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Karani hakilalii kitanda cha mkulima, lakini aweza kumwuliza. Basi kila mmoja wetu aandikapo jumla ya fedha iliyopokelewa, na ajiulize imetoka katika kazi ya nani, na aliyeitoa amebakiwa na nini. Akiona jibu ni baya, na alitie katika taarifa yake kabla miche haijang'olewa.