Makomando wa Colito na wageni wa Mapinga

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita nilipata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Mbagala, wilayani Temeke. Ameandika kwa hasira kidogo. Anauliza hawa askari wa kigeni wanaokuja mara kwa mara kufanya mazoezi na jeshi letu wanatafuta nini, na sisi tunajifunza nini kwao ambacho hatuwezi kujifundisha wenyewe. Mwishoni ameongeza kwamba nisimjibu kidiplomasia. Nitajaribu.

Jambo analolisema lipo. Mwaka 2014, Oktoba na Novemba, wanamaji wa China wa ule mkono unaofundishwa kushuka kutoka melini na kupigana nchi kavu walifanya mazoezi na wenzao wa JWTZ pale Kigamboni. Mwaka 2018 kikafunguliwa kituo kikubwa cha mafunzo ya kijeshi Mapinga, ukishaipita Bunju kama unakwenda Bagamoyo, kilichojengwa kwa msaada wa China hiyo hiyo. Julai na Agosti 2024, China, Tanzania na Msumbiji wakafanya zoezi la pamoja huko Mapinga na baharini, na manowari za Kichina zikaonekana hapa bandarini. Wamarekani nao wana zoezi lao la baharini, Cutlass Express, ambalo jeshi letu limeshiriki. Kwa hiyo wageni wapo, na si wa upande mmoja tu.

Lakini msikilizaji wangu, askari wa majini wa kigeni walikwisha kuja hapa Dar es Salaam kabla yako na kabla ya Mapinga. Hao hawakuja kufanya mazoezi. Walikuja na risasi za kweli, na aliyewaita alikuwa Rais wetu mwenyewe. Nadhani jibu lako linaanzia hapo.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka saba, tukikaa Kinondoni. Jumamosi, Januari 25, 1964, alfajiri, tuliamshwa na mizinga. Mama alidhani vita vya Unguja vimevuka bahari, maana mapinduzi ya kule yalikuwa na majuma mawili tu. Baba aliburuta kabati na kuliegemeza mlangoni, kisha akasimama nyuma yake akiwa amevaa kanzu na kushika panga. Hata leo nikilikumbuka lile kabati nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Mizinga ile ilipigwa na manowari ya Kiingereza iliyoitwa Cambrian. Ilikuwa ikipiga ili kuwababaisha watu waliokuwa katika kambi ya Colito, kwenye barabara ya Bagamoyo. Wakati huo huo, kutoka kwenye meli ya kubebea ndege iitwayo Centaur, helikopta zilikuwa zikipakia makomando wa kikosi cha 45 cha Royal Marines na kuwashusha kwenye uwanja wa mpira ulio jirani na kambi. Meli hiyo ilikuwa imewachukua kutoka Aden. Wote walikuwa kiasi cha mia sita. Brigedia Patrick Sholto Douglas, ambaye siku tano kabla alikuwa mkuu wa jeshi letu, alikuja pamoja nao. Waliokuwa kambini walitakiwa wajisalimishe. Walipokataa, makomando walipiga roketi kwenye nyumba ya walinzi langoni. Askari wachache waliuawa, wengine wakainua mikono, wengine wakakimbilia porini. Haikuchukua hata saa nzima.

Hebu tujiulize, askari waliokuwa ndani ya ile kambi walikuwa nani? Hawakuwa wahuni. Ilikuwa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles, yaani King's African Rifles ya zamani iliyobadilishwa jina tulipopata uhuru. Wengi walikuwa wamefundishwa vizuri sana, na waliowafundisha ni Waingereza hao hao. Hata jina la kambi lilitokana na vita vya Mwingereza: Colito ni mahali huko Uhabeshi ambapo KAR walipigana na Waitaliano mwaka 1941.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Januari 20, walipiga king'ora, wakafungua ghala la silaha, wakawatia maofisa wa Kizungu ndani, kisha wakaingia mjini. Walishika Ikulu, redio na uwanja wa ndege. Polisi walikuwa wachache, kwa sababu kiasi cha mia tatu walikuwa wamepelekwa Unguja. Madai yalikuwa mawili. Waliwataka maofisa wa Kizungu waondoke na nafasi zao zishikwe na Waafrika, na walitaka mshahara wa askari wa kawaida upandishwe kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260. Waziri Oscar Kambona alikwenda kuzungumza nao huku akielekezewa mitutu ya bunduki. Maofisa wa Kiingereza walipelekwa Nairobi kwa ndege siku ile ile. Kesho yake batalioni ya pili, huko Tabora, nayo ikaasi.

Madai yale, ukiyasoma peke yake, yana haki ndani yake. Miaka miwili baada ya uhuru jeshi lilikuwa bado likiongozwa kwa sehemu kubwa na wageni, na Januari 7, 1964, serikali ilikuwa imetangaza kwamba mpango wa kuwapendelea Waafrika katika kazi za serikali umekwisha, kuanzia hapo kila raia ni sawa. Tangazo hilo lilikuwa la heshima. Kwa sajenti aliyekaa na cheo kile kile miaka kumi, lilisikika vingine kabisa. Ila mtu mwenye haki akishika bunduki ya serikali kuidai, haiwi tena haki yake peke yake. Siku ile ile maduka yalivunjwa mjini, na huko Magomeni na kwingineko watu zaidi ya kumi walikufa. Hao hawakuwa na mshahara wa kudai wala ofisa wa kumfukuza.

Mwalimu Nyerere alijitahidi siku tano kuyamaliza bila ya wageni. Ilipofika Ijumaa, habari zikiwa zimeenea kwamba waasi wanaungana na baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliomba msaada wa Uingereza. Waingereza walitaka ombi hilo liwe la maandishi, na akaliandika. Watu wa rika langu wanajua jambo lile lilimkaa rohoni. Kiongozi aliyeuondoa utawala wa Mwingereza bila kumwaga damu amelazimika, kabla uhuru haujatimiza miaka mitatu, kumwandikia Mwingereza barua aje amnyang'anye silaha askari wake.

Baadaye ndipo palipo na somo. Zingatia kwamba jirani zetu walipatwa na jambo hilo hilo juma lile lile. Uganda waliasi Jinja Januari 23, Kenya waliasi Lanet Januari 24, na kote Waingereza waliitwa. Uganda serikali ilikubali mishahara ikapanda sana, na vyeo vikapanda upesi upesi, kikiwamo cha Idi Amin. Ndugu wasikilizaji, Amin aliipindua serikali Januari 25, 1971. Itazame tarehe hiyo vizuri: ni miaka saba kamili, siku kwa siku, tangu makomando waliposhuka Colito. Oktoba 1978 jeshi lake likavuka mpaka na kuingia Kagera.

Tanganyika ilifanya vingine. Jeshi lote lilivunjwa. Viongozi wa uasi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na Sajenti Francis Hingo Ilogi akapata kifungo cha miaka 15. Februari, mawaziri wa nchi huru za Afrika walikutana hapa Dar es Salaam, na kutokana na mkutano huo batalioni ya Wanigeria ikaja kulinda nchi badala ya Waingereza, mpaka jeshi jipya liliposimama. Septemba 1, 1964, JWTZ ikaanzishwa, mkuu wake akiwa Mirisho Sarakikya. Vijana wa TANU na wa JKT ndio walioandikishwa. Askari akaruhusiwa kuwa mwanachama wa chama, mpaka vyama vingi vilipokuja mwaka 1992 na ruhusa hiyo ikaondolewa. Mimi naona iliondolewa kwa haki, ingawa najua wazee wengi hawatakubaliana nami. Kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Mkwawa alikishinda kikosi cha Wajerumani mwaka 1891.

Wageni je, walikoma kuja? Hata kidogo. Waalimu wa Kichina walikuja mwaka huo huo wa 1964. Wakanada walitusaidia kufundisha jeshi kuanzia 1965 hadi 1970. Kituo cha wanamaji Kigamboni kilijengwa kwa msaada wa China. Tofauti ni kwamba hawa walifundisha kisha wakarudi kwao. Kupandisha cheo, kutoa adhabu, kusikiliza malalamiko ya askari, na kushika ufunguo wa ghala la silaha, hayo yakabaki mikononi mwa Watanzania.

Nina jirani yangu hapa Mwenge, mzee aliyekuwa kuruta Colito siku zile. Hakukamatwa, alivua magwanda porini karibu na Mbezi akarudi mjini amejifunga kipande cha gunia. Maisha yake yote yaliyofuata amekuwa fundi cherehani. Nilimpelekea barua ya msikilizaji nikamsomea. "Shikamoo mzee, unamjibuje huyu?" Alinyamaza kwanza, akimalizia kukunja pindo la suruali. Kisha akasema: "Mwanangu, Mwingereza hakutudanganya kwa shabaha wala kwa kwata, hayo alitufundisha barabara. Lakini ukituuliza tunalinda nini, tulikuwa tunajua geti na nyumba ya afande. Basi. Siku afande alipofungiwa, tukaona hatuna tena cha kulinda."

Nilimuuliza kama anajuta. Alisema anamkumbuka mwanamke mmoja aliyekuwa akilia nje ya duka huko Magomeni. Hakuendelea, nami sikumwuliza zaidi.

Kwa hiyo, msikilizaji wa Mbagala, mimi sina ugomvi na Mchina anayemwonyesha kijana wetu jinsi ya kuruka kutoka kwenye boti na bunduki yake ikabaki kavu. Huo ni ufundi, na nchi yenye bahari ndefu kama yetu inauhitaji. Nidhamu ndiyo ambayo mgeni hawezi kutuletea ndani ya meli. Wewe unakaa Mbagala, unajua ninachosema. Aprili 29, 2009, mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi hapo kwenu, na Februari 16, 2011, yakalipuka Gongo la Mboto. Kila mara watu zaidi ya ishirini walikufa, na nyumba zisizo na idadi zikabomoka. Nidhamu inahusu pia ni nani aliyehesabu mabomu jana, ni nani aliyeandika kwamba yamechakaa, na kama mkubwa wake aliisoma ile karatasi. Zoezi la pamoja halifundishi jambo hilo.

Ningependa kuuliza maswali machache kila manowari ya kigeni inapotia nanga hapa. Makuruta wetu wanalala wapi, na mshahara wao unafika kwa tarehe? Askari akionewa na mkubwa wake, ana mlango gani wa kugonga kabla hajafikiria king'ora? Ghala lililo karibu na nyumba za watu limekaguliwa lini? Haya nayaona ni maswali ya Bunge na ya kamati zake, na raia anayekaa nje ya ukuta wa kambi ana haki ya kuyasikia yakiulizwa.

Juma lililopita nilipita Lugalo nikienda hospitali ya jeshi pale kumwona mgonjwa. Raia tulikuwa wengi kwenye foleni kuliko askari. Kijana mmoja mwenye magwanda alimpisha mama mjamzito kwenye benchi, akasimama ukutani na faili lake mkononi hadi alipoitwa jina.