Kikombe cha Kila Asubuhi

Tangu kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ifunguliwe katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, lawama ni ile ile: eti serikali inamtoa teja kwenye unga na kumtia kwenye ulevi mwingine. Lawama hiyo haiangalii dawa inavyofanya kazi. Heroini hupanda kwa dakika na kushuka kwa saa chache, kisha arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, humrudisha mtu kijiweni, kwenye wizi na sindano za kuchangia. Methadoni hushika sehemu zile zile za ubongo, ila taratibu na kwa siku nzima. Kikombe kimoja cha dawa hiyo, anachokinywa mgonjwa mbele ya mhudumu, humwezesha kwenda kibaruani akiwa na akili yake. Ni kweli, mwili unaendelea kuitegemea, na akiikatisha ghafla ataumwa. Lakini tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kuwa walio kwenye tiba hawafi ovyo kama wasiotibiwa, na maambukizi ya VVU hupungua. Familia zinazomharakisha mgonjwa aache dawa zinamweka hatarini: mwili ukishapoteza mazoea, kiasi cha unga alichokimudu zamani kinaweza kumuua. Basi, wasikilizaji, kabla ya kumuuliza ataacha lini, tumuulize nauli ya kliniki kesho ataipata wapi.