Kusikiliza Muziki Pamoja ni Elimu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Temeke, Dar es Salaam.)



Nimeombwa nizungumze juu ya muziki. Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la starehe, na kwamba watu wazima waliotoka kazini wangefaa kujadili mambo mazito zaidi. Sikubaliani nao. Namna watu wanavyosikiliza muziki ni sehemu ya namna wanavyoishi pamoja. Na sisi wa Temeke na Kinondoni tunaelekea kupoteza ujuzi wa kusikiliza pamoja ambao wazee wetu walikuwa nao.

Nitaanza mbali kidogo, kwa sababu huko mbali kuna mfano unaotuhusu. Mnamo miaka ya 1960 baadhi ya wanamuziki wa roki wa Ulaya waliacha kuifanya santuri ndefu kuwa kapu la kukusanyia nyimbo, wakaifanya kazi moja yenye mwanzo, kati na mwisho. Beatles wa Uingereza walitoa santuri ya namna hiyo mwaka 1967, inayoitwa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Mwaka 1973 Pink Floyd wakatoa The Dark Side of the Moon, ambayo ndani yake zinasikika saa zikigonga na mashine za kuhesabia fedha zikilia. Wengine waliikata kanda na kuiunga upya, wakatafuta sauti ambazo gitaa halikuwahi kutoa. Muziki huo haukutaka watu wacheze, bali wakae na kusikiliza. Vijana wengi walikusanyika chumbani kwa mwenzao mwenye gramafoni, wakasikiliza upande wa kwanza, wakageuza, wakasikiliza wa pili, kisha wakabishana.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba majaribio kama hayo ni mali ya Ulaya peke yake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 palikuwa na bendi hapa Dar es Salaam iliyoitwa Sunburst, iliyochanganya gitaa kali la roki na midundo ya ngoma zetu. Mwaka 1976 bendi hiyo ilirekodi santuri yake, Ave Africa, huko Zambia, nchi ambayo wakati huo vijana wake walikuwa wakijenga roki yao wenyewe. Naye marehemu Patrick Balisidya, mtu wa Dodoma aliyeongoza Afro 70 na mtindo wake wa Afrosa, aliiwakilisha Tanzania na bendi yake katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 Afro 70 ilishirikiana na Archimedes Badkar, kikundi cha roki ya majaribio cha Sweden, katika santuri yenye jina la Kiswahili: Bado Kidogo.

Sasa nauliza: ni wangapi kati yetu tuliomo humu ukumbini tumeisikiliza santuri moja kati ya hizo mbili, kutoka mwanzo hadi mwisho? Ave Africa ilitolewa upya mwaka 2016, na kampuni ya London. Mtu wa London aliweza kuinunua, akaisikiliza na kuipima. Mtoto wa Mbagala au wa Tandika anaweza kumaliza shule bila kuwahi kusikia kwamba bendi hiyo ilikuwapo.

Sababu moja ya hali hii ni kwamba zamani tuliutazama muziki wa namna hiyo kwa mashaka. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku hapa Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ulikuwa ukiwaharibu vijana. Hofu ya kasumba ilikuwa na msingi wake, kwa maana nchi ilikuwa imetoka kutawaliwa juzi tu. Lakini Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mnamo Desemba 1962, alisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba tufufue utamaduni wetu, na kwamba taifa linalokataa kujifunza kutokana na tamaduni za wengine ni taifa la watu wasio na akili timamu. Jambo la kwanza tulilishika kwa nguvu. La pili tulilishika kwa mkono mlegevu.

Hata hivyo, wazee wetu walijua kusikiliza. Katika ukumbi wa dansi wimbo ulianza polepole, maneno yakasikika na kupimwa, ndipo likaja chemko na watu wakacheza. Mashabiki wa Msondo na wa Sikinde walikuwa waamuzi: walijua gitaa la nani limelia, nani kaimba vizuri, na mtunzi gani karudia alichokwisha kusema. Bendi ilipojaribu jambo jipya, hukumu ilitolewa ukumbini usiku ule ule, na watu waliokuwa wakisikiliza pamoja.

Tena nchi hii iliwahi kusikiliza pamoja kwa mpango. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kwa muda wa majuma 12, chini ya viongozi wa vikundi 75,000 hivi waliokuwa wamepewa mafunzo. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa na madimbwi yakafukiwa kwa sababu watu walisikia jambo moja kwa wakati mmoja, wakalijadili wakitazamana usoni.

Leo hali ni nyingine. Ndani ya daladala la kwenda Mbagala utawaona abiria wengi wamevaa hedifoni, kila mmoja na muziki wake. Silaumu jambo hilo. Mtu aliyechoka ana haki ya kutulia peke yake. Lakini anayesikiliza peke yake siku zote hapati mtu wa kumbishia, wala wa kumwonyesha alichokipita bila kukisikia. Naye mtunzi hapati hukumu ila hesabu ya waliobonyeza simu zao.

Aidha, majaribio hayajakoma mitaani kwetu. Singeli ilizaliwa katika mitaa kama Manzese na Tandale, ikakulia katika ngoma za usiku za uswahilini, ambako mwimbaji na mpiga mitambo huuongeza mwendo kwa kuwatazama watu waliopo. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilikusanywa katika albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wapenzi wa muziki wa majaribio huko Ulaya waliipokea kwa heshima, ilhali hapa nyumbani wengi wetu tunaita singeli makelele ya wahuni. Huenda baadhi yake ni makelele kweli. Lakini nani ameketi akaisikiliza ndipo akahukumu? Tukiwaachia wageni kazi ya kupima muziki wetu, watoto wetu watakuja kununua kwao hukumu juu ya mambo yaliyotoka hapa hapa.

Kwa hiyo natoa pendekezo dogo. Kila shule na kila tawi la wafanyakazi lianzishe kikundi cha kusikiliza, kwa utaratibu wa mwaka 1973. Hatuhitaji bajeti, simu moja na spika moja vinatosha. Mara moja kwa mwezi ichaguliwe kazi moja nzima: leo Afro 70, mwezi ujao singeli, baadaye santuri ya wageni. Watu wakae dakika arobaini bila kuzungumza. Kisha kiongozi asihubiri, bali aulize: Umesikia chombo gani? Mdundo huu ni wa ngoma ipi? Kipi ni kipya, na kinafaa kwa nini? Wazee waliocheza dansi waalikwe pamoja na vijana wa singeli, na kila upande uvumilie kuusikiliza muziki wa upande wa pili mpaka mwisho.

Nataka nisisitize uvumilivu huo. Muziki wa majaribio mara nyingi hauingii sikioni kwa mara ya kwanza. Unamtaka msikilizaji akae na jambo asilolielewa, karibu na mtu ambaye huenda amelielewa, bila kukasirika na bila kuondoka. Ujuzi huo ndio unaohitajika katika mkutano wa mtaa, katika baraza la walimu, na katika ofisi ambamo mwananchi amekuja kueleza shida yake kwa maneno yasiyonyooka. Anayeshindwa kuvumilia wimbo wa dakika kumi atamvumilia vipi mwananchi huyo?