Maji ya Mtoto Anayehara
(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumepewa nafasi kati ya taarifa ya Mweka Hazina na uchaguzi wa Kamati, nasi twashukuru. Kazi yetu katika chama hiki ni kushika daftari, na jambo lililotusimamisha mbele yenu leo liko katika ukurasa wa mazishi. Jeneza la mtu mzima huandikwa kwa bei moja, na la mtoto kwa bei nyingine iliyo ndogo. Hata asiyesoma jina hutambua kwa bei tu ni nani aliyezikwa.

Mmoja wa watoto wa ukurasa huo alikuwa na umri wa miezi tisa. Baba yake, mwanachama mwenzetu wa Likoni, ameturuhusu tuyaseme haya ila jina tusilitaje. Alitupigia simu saa nne usiku akiomba nauli ya teksi, kwa kuwa mtoto alikuwa ametapika na kuhara siku mbili na sasa hanyonyi. Fedha zilikuwamo katika simu ya chama, lakini sheria yetu yataka maofisa watatu wakubali, na wawili walikuwa wamelala. Tulimwambia angoje asubuhi. Sisi ndio tuliomwambia. Nauli aliyoomba ilikuwa ndogo kuliko bei ya jeneza ambalo chama kilimnunulia baadaye.

Msiba ule ulipokwisha tulisikia maneno mengi. Wengine walisema ni meno yanayoota. Wengine walisema utosi uliingia ndani, na mama angaliupaka dawa mapema mtoto angalipona. Wazee wetu, waliosema habari ya utosi waliona sawasawa, ijapokuwa jambo lilikuwa limepinduka. Utosi haukuleta kuhara. Kuhara ndiko kulikouvuta utosi ndani, kwa sababu maji ya mwili yalikuwa yamekwisha. Ile ni alama, na kuipaka alama dawa hakurudishi maji. Meno nayo huanza kuota katika miezi ile ile ambayo mtoto hushambuliwa zaidi na maradhi haya, tangu mwezi wa sita hata kutimiza miaka miwili, ndiyo maana husingiziwa.

Wanaoleta kuhara kwa watoto wachanga mara nyingi sana ni virusi, vidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Mwaka 1973, mjini Melbourne katika Australia, Bi. Ruth Bishop na wenzake walichunguza kwa darubini ya elektroni vipande vya utumbo wa watoto wagonjwa, wakaona kirusi wasichokijua. Kwa kuwa umbo lake ni mfano wa gurudumu kiliitwa rota, neno la Kilatini lenye maana hiyo. (Sisi tulioimba Kilatini shuleni kwa misheni bila kukielewa tulifurahi kupata neno moja lenye kazi.) Viko na vingine, kama noro na adeno, lakini rota ndiyo iliyojulikana kwa ukali kupita vyote. Mtoto hutapika na kupata homa, kisha huhara maji matupu kwa siku tatu hata nane.

Tena tusimlaumu mama kwamba ni mchafu. Kabla ya chanjo kupatikana, karibu kila mtoto duniani alikuwa amekwisha kuambukizwa rota kabla ya kutimiza miaka mitano, wa Ulaya kwa wa Afrika, wa nyumba yenye bomba kwa wa nyumba ya kisima. Sabuni yafaa sana, nasi twaihimiza baada ya choo na baada ya kubadilisha nepi; lakini kirusi hiki hupita hata penye usafi. Tofauti ilikuwa katika vifo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2013 rota iliua watoto wapatao 215,000 walio chini ya miaka mitano, wengi wao wa Afrika na Asia. Kirusi ni kile kile. Wanaokufa ni wale ambao maji yao hayakurudishwa kwa wakati.

Na hapa ndipo penye kosa letu la nyumbani. Husemwa, "Msimpe maji, akinywa atazidi kuhara." Twaomba neno hili likome. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India. Maji ya kutundika mshipani yalipopungua, Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza maji yaliyochanganywa chumvi na sukari yatiwe mapipani, na ndugu za wagonjwa wenyewe wakawanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hata chini ya 4. Waliofanya kazi ile hawakuwa waganga. Walikuwa mama na shangazi.

Pakiti ya dawa hiyo hupatikana zahanati na madukani. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, usizidishe chumvi. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha umpe tena kijiko kwa kijiko. Maziwa ya mama yasikatizwe. Zahanati humpa pia zinki, ambayo hutumiwa siku 10 hata 14 ingawa kuhara kumekwisha. Lakini vile vidonge vya rangi mbili vinunuliwavyo dukani haviui virusi, na fedha yake ingalitosha pakiti kadhaa. Akilegea, asipoweza kunywa, macho yakiingia ndani au akihara damu, hapo hapana kungoja: ni hospitali.

Chanjo ya rota ilianza kutolewa kwa watoto wa Kenya mwezi wa Julai 2014, matone ya mdomoni, kuanzia wiki ya sita. Haizuii kila kuhara. Hata hivyo huko Kilifi na Siaya watoto waliolazwa kwa rota walipungua zaidi ya nusu. Nasi tunao miongoni mwetu wanaompeleka mtoto bara kwa nyanya yake akiwa wa mwezi mmoja, kadi ya kliniki ikabaki Mombasa ndani ya sanduku.

Basi, Mheshimiwa Mwenyekiti, twaleta ombi. Sheria ya maofisa watatu ibaki kwa mikopo na mazishi, lakini nauli ya mtoto mgonjwa itolewe na ofisa mmoja, saa yoyote, naye aiandike daftarini asubuhi. Mweka Hazina ametuambia kwa haki kabisa kwamba watu watadanganya. Huenda mmoja atadanganya. Nauli hiyo itakatwa katika fedha zake, nasi tutaiandika kwa mkono wetu. Wanaounga mkono twawaomba wainue mikono.