Droni ya Kupanda Nayo Milima: Tununue Ipi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Wapanda milima wa shule wametuomba sisi wa zamani tuwanunulie droni, yaani kindege kisicho na rubani chenye kamera. Mchango umekwisha anza, na kamati imenitaka nieleze inunuliwe ya namna gani. Nitasema kwa kifupi.

Kwanza, uzito. Zinazofaa kwa safari ya miguu ni zile zinazokunjwa, zenye gramu 249, kama robo kilo ya sukari. Lakini msihesabu kindege peke yake. Ongezeni rimoti, betri mbili za akiba na mfuko wake, mtakaribia kilo moja. Mahali pa kukwea kwa mikono na miguu, mzigo huo ufungwe mgongoni, usining'inie shingoni.

Pili, upepo. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu ziwani, na kileleni huwa mkali kuliko ufukoni. Kindege chepesi husukumwa upesi. Muuzaji atasema betri inadumu dakika 30. Hizo ni za hewa tulivu. Anzeni kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi uwasaidie, na mgeuze kabla betri haijafika nusu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Kitakachozama humo tukihesabu kimepotea.

Tatu, kimo. Droni nyingi hupima kimo kutoka pale ziliporukia, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Ukiirusha toka bondeni kuelekea mlimani, rimoti yaweza kuonyesha mita 50, kumbe miti iko mita 5 tu chini. Kwa hiyo ni afadhali yenye vihisi vya kuona vizuizi pande zote kuliko yenye picha nzuri zaidi.

Nne, na hili ndilo kubwa. Wengi hudhani chombo chepesi hakina sheria. Gramu 249 zinapendwa na watengenezaji kwa sababu Marekani, anayerusha kwa kujiburudisha chombo kisichofika gramu 250 hahitaji kukisajili. Hiyo ni sheria ya kwao. Kwetu iko Mamlaka ya Usafiri wa Anga, inayotaka usajili na kibali, na Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake. Sisi wa Kigoma tunapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Tuna bandari, na uwanja wa ndege hauko mbali na mji. Kijana akikamatwa na kamera ya angani hapa, wepesi wake hautamtetea.

Najua mnatamani Gombe, au mlima Nkungwe kule Mahale, wenye mita 2,462. Hizo ni hifadhi za taifa, Gombe tangu 1968 na Mahale tangu 1985. Humo droni hairushwi bila kibali cha hifadhi. Sababu iko wazi: sokwe wanaochunguzwa Gombe tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960 wasifukuzwe na mlio wetu. Tena, watafiti waliotumia droni katika bonde la Issa, mashariki ya ziwa, walieleza mwaka 2018 kwamba picha za angani zilionyesha sehemu tu ya viota vya sokwe walivyoviona wenye kutembea chini. Miguu bado ina kazi.

Na hata nje ya hifadhi, akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi wana haki ya kuulizwa kabla kamera haijapita juu yao. Mwanzo ni kumwona mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji.

Basi pendekezo langu ni hili. Fedha zikae kwa Mweka Hazina. Wanafunzi, pamoja na mwalimu wao, waandike barua za maombi wenyewe; hilo nalo ni somo. Kibali kikipatikana, tununue. Kisipopatikana, fedha hizo zinunue viatu imara, kamba na sanduku la huduma ya kwanza, na safari iendelee. Mlima haukuanza kuonekana jana.