Ardhi Husikia Kimbunga



Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, na watu zaidi ya 600 wakapoteza maisha nchini Msumbiji. Wiki sita baadaye kimbunga Kenneth kilipita karibu na Visiwa vya Komoro, kisha kikaingia jimbo la Cabo Delgado, linalopakana na Tanzania.

Vimbunga vya namna hiyo huzaliwa baharini, mbali na macho ya watu. Hata hivyo ardhi huvihisi. Mawimbi makubwa ya kimbunga yanapokutana na mengine yatokayo upande wa pili, mgandamizo wake hushuka bila kufifia hadi sakafu ya bahari, hata penye kina cha maelfu ya mita, na kuisukuma kila baada ya sekunde 5 hadi 10. Michael Longuet-Higgins wa Uingereza aliifafanua kanuni hiyo kwa hesabu mwaka 1950. Mitetemo hiyo husafiri ardhini mpaka bara. Unyayo wa binadamu hauisikii. Mitambo ya kupimia matetemeko huinasa.

Wanajeshi walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuitumia. Katika miaka ya 1940 Jeshi la Majini la Marekani liliweka vituo katika eneo la Karibi, ili kufuatia nyendo za vimbunga kwa mitetemo hiyo. Baadaye ndege, rada na satelaiti zilishika kazi hiyo kwa uhakika zaidi. Lakini elimu yenyewe haikufa. Mwaka 2012 Wafaransa na Wajerumani walizamisha mitambo 57 katika bahari inayozunguka kisiwa cha Réunion. Kimbunga Dumile kilipopita huko Januari 2013, mitambo hiyo ilionyesha chanzo cha mitetemo kikihama pamoja na kimbunga.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini dalili peke yake haimwokoi mtu. Idai hakikuja kwa ghafla. Watabiri wa hali ya hewa walikitangaza siku kadhaa kabla, na bado maafa yakatokea. Kati ya onyo na uhai wa mwananchi kuna safari ya mwisho: kulifikisha onyo kijijini, kuwahamisha wazee na watoto, kulinda mali zilizoachwa. Safari hiyo hukamilishwa na askari, si na mtambo.