Sakafu ya Wazee Wetu



Leo asubuhi wengi wenu mliingia katika nyumba ya Mungu, mkatazama chini karibu na altare, mkauliza: «Tapi nyekundu imekwenda wapi?» Sisi wa baraza la parokia tumepewa ruhusa kuwajibu.

Tulipoanza kukusanya makuta ya Jubilei, tulikusudia kununua tapi mpya. Ile ya zamani ilikuwa imetoboka, na kila wakati wa mvua ilinuka unyevu. Siku moja mama mmoja wa wafagiaji aliinua pembe yake, karibu na mlango wa sakristia, akaona mbao nyekundu za libuyu. Vijana walishangaa. Wazee hawakushangaa, waliinamisha macho.

Maana sisi ndio tuliozifunika. Mbao hizo zilipasuliwa na baba zetu kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu, mmoja shimoni. Zilipochakaa kwa miguu na magoti, tuliona haya mbele ya wageni. Badala ya kuzitengeneza, tulipigilia tapi juu yake, wala hatukumwuliza hata mmoja wa mafundi waliozitandika.

Mmoja wao angali hai. Tulimwendea, tukamwomba msamaha, kisha tukamwomba mashauri. Akajibu: «Kwanza ng'oeni misumari yenu.»

Tulifanya hivyo. Tulikata tapi vipande vipande, tukavikunja na kuvitoa nje. Misumari yake tuliing'oa kwa koleo, mmoja mmoja. Ile ya mbao zenyewe tuliididimiza kwa nyundo, kusudi isipasue msasa. Gundi kavu tuliikwangua polepole, tukiwa tumefunga kitambaa puani na kinywani kwa sababu ya vumbi. Mbao sita kando ya mlango zilikuwa zimeoza, kwa kuwa tapi ilishika maji, tena matundu ya hewa chini ya sakafu yalikuwa yamezibwa. Tuliyafungua kwanza, ndipo tukatia mbao mpya. Kisha tulisugua kwa msasa mkali, halafu kwa msasa laini, tukifuata daima njia ya nyuzi za mti, kwani anayesugua kwa kuzikata huacha mikwaruzo. Mwisho tulipaka verni mara tatu, tukingoja kila mara ikauke.

Mbele ya altare mbao zimebonyea, pale wazee wetu walipopiga magoti kupokea Komunyo. Vijana walitaka kupasawazisha. Mzee aliwakataza: ubao ungekuwa mwembamba, nao ungevunjika. Basi tumepaacha. Mkipita hapo leo, mtasikia chini ya miguu yenu mahali pa magoti yao.

Tunawaomba nyote: msimwage maji juu ya mbao, fagieni, kisha pangusheni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Matundu ya hewa yasizibwe tena. Na siku tutakapoona haya kwa kitu kilichochakaa, tusikimbilie kukifunika. Twende kwanza kwa waliokifanya, wakiwa wangali hai.

Mzee wetu amekaa leo katika benchi la kwanza. Baba, asante.

Tumsifu Yesu Kristu!